Siku ya Mashujaa na haki ya wafiwa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.



Kila ifikapo Julai 25, taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Si siku ya mapumziko. Ofisi hufunguliwa, watoto wanaosoma huenda shule, na hapa kwetu Mafiga, mjini Morogoro, daladala na bodaboda hubeba abiria kama siku nyingine yoyote. Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia Ijumaa, nasi tukaiona kuwa fursa ya kujiuliza jambo ambalo magazeti na redio hayaligusi sana: je, siku hii bado inawahusu waliokufa na waliofiwa, au imekwisha kuwa shughuli ya walio hai na wenye vyeo?

Tunauliza kwa sababu siku ya kuwakumbuka askari waliokufa si ngeni katika nchi hii. Ina umri wa karibu miaka mia moja, na maana yake imehama zaidi ya mara moja. Jambo linalotusikitisha ni kwamba karibu kila mara maana hiyo ilipohama, mwenye msiba alisogezwa hatua moja nyuma.

Mnara usio na majina

Tuanze na ule mnara wa askari ulio katikati ya jiji la Dar es Salaam. Wengi hupita kando yake bila kuuangalia. Kabla yake, mahali pale palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani. Waingereza waliiondoa baada ya kuliteka jiji mwaka 1916, na mwaka 1927 wakauzindua mnara huu, mmoja kati ya mitatu, wa pili ukiwa Nairobi na wa tatu Mombasa. Maandishi yake yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimo kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu vilevile. Serikali ya kikoloni haikuweka herufi za Kiarabu kwa ajili ya mapambo. Ilijua kwamba wengi wa waliokufa, na wengi wa waliowapoteza, walikuwa Waislamu waliosoma chuoni.

Maandishi hayo yanamwahidi askari kwamba akifa katika kuipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji akiuzunguka mnara mzima, hataona jina hata moja.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tume ya Waingereza iliyoshughulikia makaburi ya vita iliamua kwamba Mzungu aliyekufa apewe kaburi lake na jina lake, na Mwafrika aliyekufa akumbukwe kwa jumla, kwa mnara. Mwaka 2021 tume hiyohiyo, ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Mwaka 2025 mjini Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika vita ile wakiwa vibarua wa jeshi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja.

Kwetu Morogoro habari hii haiko mbali. Majeshi ya Waingereza yaliingia mjini hapa Agosti 26, 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kwa kuizunguka milima ya Uluguru, wakielekea Kisaki na Rufiji. Njia zile hazikuwa za magari. Kila risasi, kila gunia la unga na kila kipande cha mzinga kilibebwa kichwani na mwanadamu. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wengi wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa walifika kiasi cha laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, njaa na uchovu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ya Dar es Salaam ikalipa soko la Kariakoo jina lake. Kila siku tunalitaja jina la wafu hao tunapokwenda kununua vitenge, nasi hatuna habari.

Mjini Morogoro yapo makaburi ya vita yanayotunzwa na tume hiyo, safi na yaliyopangwa vizuri. Mpagazi wa Kiluguru aliyefia njiani baina ya Mgeta na Kisaki hayumo katika safu zile. Yumkini hata hakusaliwa wala hakuoshwa, na mkewe hakujua aanze kukaa eda siku gani. Jambo hili la eda msomaji asilipite haraka. Mwanamke ambaye hajui kama mumewe ni hai au amekufa, kisheria si mke kamili wala si mjane. Mafakihi wameandika kurasa nyingi juu ya mke wa mtu aliyepotea, kwa kuwa msiba usiokuwa na habari ni mzito kuliko msiba wenye kaburi.

Kutoka Novemba 11 hadi Julai 25

Enzi za Waingereza siku ya kuwakumbuka askari ilikuwa Novemba 11, siku ambayo vita ile ilikoma Ulaya mwaka 1918. (Huku kwetu von Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana na hakusalimisha silaha mpaka Novemba 25, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Kwa hiyo hata tarehe yenyewe haikuwa ya kwetu.) Maana ya siku ilikuwa moja: askari amekufa kwa ajili ya mfalme.

Maana hiyo ilipinduliwa na askari wenyewe. Katika Vita Kuu ya Pili zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingizwa jeshini, wakapelekwa Abisinia, Madagaska na Burma. Wazee wetu waliwaita keya. Miongoni mwa waliokwenda Burma walikuwamo ndugu wawili, Abdulwahid na Ally Sykes, watoto wa Kleist Sykes, ambaye yeye mwenyewe alikuwa askari upande wa Wajerumani katika vita ya kwanza, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929 na wa Al Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Vijana wale walirudi na swali ambalo mkoloni hakulitarajia: ikiwa tumeona damu ikimwagwa ili wengine wawe huru, mbona sisi si huru? Ndugu hao wawili walikuwa katika safu ya mbele ya TAA, na Julai 7, 1954 ikazaliwa TANU. Ukumbusho wa askari ukawa umepata maana mpya, ya askari anayedai nchi yake.

Baada ya uhuru ikaja maana ya tatu, nayo ndiyo iliyojenga Julai 25 tunayoifahamu. Huko Naliendele, Mtwara, wamezikwa Watanzania waliokufa wakiwasaidia ndugu zetu wa Msumbiji kumng'oa Mreno. Huko Kaboya, mkoani Kagera, wamezikwa mamia ya askari wa vita dhidi ya Idi Amin, aliyevamia nchi yetu Oktoba 1978 na kuangushwa Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979.

Vita ile ya Kagera ilikuwa mtihani kwa Waislamu wa nchi hii, ingawa hausemwi sana. Amin alijinadi kuwa mtetezi wa Uislamu, na Libya ilimpelekea askari. Kijana wa Kiislamu wa Tanzania aliyekuwa mstari wa mbele alielekezewa bunduki na mtu anayeswali kama yeye. Hakukimbia. Nasi tunaona kwamba msimamo wake una msingi katika Suratul Hujurat, ambako Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwa makundi mawili ya waumini yakipigana yapatanishwe, na moja likilidhulumu jingine, lile lenye kudhulumu lipigwe mpaka lirejee kwenye amri Yake. Amin alivuka mpaka, akaua raia na kupora mifugo yao. Jina lake halikumfanya kuwa na haki.

Mtihani huo ulirudi Desemba 7, 2017, katika kambi ya Semuliki, mashariki ya Kongo, pale askari wetu wasiopungua 14 wa kulinda amani walipouawa katika shambulio ambalo Umoja wa Mataifa ulilihusisha na kundi la ADF, linalojivika vazi la jihadi. Kabla yake, Julai 2013, saba waliuawa Darfur. Baadhi ya waliokufa katika safari hizi za ulinzi wa amani walikuwa Waislamu, wakasaliwa katika misikiti ya mitaa yao na kurudishwa ardhini kama sisi sote tutakavyorudishwa.

Hapa kwetu tuna majirani wa namna nyingine. Mazimbu, si mbali na Mafiga, wamezikwa wakimbizi na wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliosoma na kufanya kazi katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979. Mwaka 2024 Afrika Kusini ilirejesha nyumbani mabaki ya watu wake 42 kutoka Zambia na Zimbabwe. Tunalitaja hilo kwa sababu linaonyesha kwamba taifa linaweza kuamua kuwafuata wafu wake popote walipo, miaka mingi baadaye, kwa sababu mama fulani bado anauliza mwanawe yuko wapi.

Gwaride na tangazo

Tuitazame sasa Julai 25 yenyewe. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mishale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Tarumbeta hupigwa, watu husimama kimya, na viongozi wa dini, sheikh akiwamo, huomba dua. Ni shughuli yenye haiba. Kwamba silaha zinazowekwa ni zile za mababu zetu ni jambo jema, maana linawaunganisha waliokufa Kagera na wale wa Majimaji walionyongwa Songea Februari 27, 1906.

Hata hivyo, mjane amekaa wapi katika shughuli hiyo? Kamera zinamfuata nani? Julai 25, 2016 maadhimisho yalifanyika Dodoma, na hapo Rais John Magufuli akasisitiza uamuzi wa kuhamishia serikali katika mji huo. Kwa siasa ya nchi lilikuwa jambo kubwa. Lakini muulize mtu yeyote leo anaikumbuka siku ile kwa lipi, atakutajia Dodoma, hatakutajia marehemu. Tangu hapo sherehe zenyewe zimehamia huko, kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Nayo nchi ya Ugogo ina wafu wake wa vita wasiowekewa shada: wale maelfu waliokufa kwa njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wao.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Oktoba 20, iliyokuwa siku ya Kenyatta, imekuwa Siku ya Mashujaa tangu katiba ya mwaka 2010, na humo huingizwa wapigania uhuru, wanariadha, wanasayansi na wasanii pamoja. Hatusemi ni kosa kumsifu mkimbiaji. Tunasema neno likipanuliwa mno hulegea, na kwetu pia limeanza kulegea. Siku hizi mfungaji wa goli ni shujaa, na mgombea aliyeshinda kura za maoni ni shujaa.

Uislamu wenyewe unalichunga neno hili. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni mtu aliyeuawa vitani. Ataambiwa kuwa hakupigana kwa ajili ya Allah, bali alipigana ili aitwe shujaa, na watu wakamwita. Kisha ataburutwa hadi Motoni. Imam Bukhari naye ameweka mlango maalumu katika Sahihi yake kwamba isisemwe kwa yakini kuwa fulani ni shahidi. Ushujaa tunauona sisi, ama ushahidi anaujua Mwenye kujua nia. Kwa hiyo tuwaombee waliokufa rehema, wala tusigawe vyeo vya Akhera kutoka jukwaani.

Uhud na Muta

Basi Mtume (S.A.W.) aliwaenzi vipi askari wake waliokufa? Tukichunguza sira, tunaona kwamba aliwakumbuka kweli waliouawa Uhud, akawaswalia na kuwaombea hata baada ya miaka minane. Lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu yake aliifanya katika nyumba za waliobaki.

Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta mwaka wa nane Hijiria, Mtume alikwenda nyumbani kwake, akawaita watoto wake, akawakumbatia huku machozi yakimtoka, mkewe Asmaa bint Umais akafahamu. Kisha akawaagiza watu waipikie chakula familia ya Jaafar kwa sababu imefikwa na lenye kuishughulisha. Mtaa wetu unaitwa kwa mawe ya jikoni, na hatuna haja ya kufafanua maana ya kuwasha moto kwa ajili ya nyumba iliyozimika. Ila siku hizi katika matanga mengi ni mfiwa anayewapikia waombolezaji, kinyume kabisa na agizo hilo. Na Asmaa alipotaja kuhofia uyatima wa wanawe, Mtume alimjibu kwamba yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.

Abdullah bin Amr bin Haram aliuawa Uhud akaacha madeni na mabinti wengi. Mwanawe Jabir, kijana, akazongwa na wadai. Mtume alikwenda mwenyewe shambani, akazunguka chungu ya tende, ikapimwa mpaka kila mdai akapata haki yake na tende zikabaki. Jabir huyo alipooa alimchagua mwanamke mtu mzima badala ya msichana, apate mtu wa kuwalea dada zake. Hiyo ndiyo gharama ya vita isiyoingia katika gwaride.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi sisi wa Uluguru ni cha Saad bin Rabii. Naye aliuawa Uhud, na ndugu yake akaichukua mali yote. Mkewe akaja kwa Mtume na mabinti wawili akalalamika kwamba watoto hawa hawataolewa bila mali. Ikateremka aya ya mirathi, na Mtume akamwita yule ndugu, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki kiwe chake. Kwa mapokezi haya, sheria ya mirathi tunayoisoma chuoni ilishuka kwa ajili ya mjane wa askari.

Sasa tuangalie kwetu. Mila ya Kiluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo huo. Mila hiyo ina hekima zake, na imewalinda wanawake wengi wasitupwe nje ya mashamba ya mama zao. Lakini mume akifa, huenda wapwa wa marehemu wakadai kilicho chake mbele ya watoto wake wa kuwazaa. Upande wa pili, kwa wale wa mila za ukoo wa baba, kaka wa marehemu hukaa kikao cha ukoo na kumpangia mjane. Askari akifa, kuna mafao na fedha za rambirambi, na hapo ndipo jamaa wasioonekana miaka yote hujitokeza na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Tumeyasikia hayo katika koo mbalimbali, na si ya Waislamu peke yao. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayekula thumni ya mjane, Julai 25 husimama kimya kama wengine mbele ya luninga.

Kuhusu kusimama kimya kwenyewe na kuweka maua, wapo masheikh wanaoona ni kuiga desturi za wengine, na wapo wanaoona ni utaratibu wa dola usiokuwa na ibada ndani yake. Hatutaki kuingia katika mjadala huo, na Mwislamu aliye jeshini afuate amri ya kazi yake bila kutiwa wasiwasi. Tunachosema ni kwamba dakika ya ukimya haimfikii maiti. Kinachomfikia, kwa hadithi mashuhuri ya Muslim, ni sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Mtoto huyo hawezi kuwa mwema ikiwa karo yake imeliwa na baba mdogo. Aidha, imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye kumwangalia vyema mpiganaji katika watu wake, naye amepigana.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa maimamu na walimu wa madrasa jambo jepesi. Ijumaa inayokaribia Julai 25, kila msikiti uulize katika jamaa zake: ni nyumba zipi zilizompoteza askari, awe wa Kagera, wa Darfur au wa Kongo? Mirathi imegawanywa? Deni la marehemu limelipwa? Nani anamlipia mtoto shule? Na kwa wenye bibi na babu walio hai huko Mgeta, Matombo na Kinole, waulizwe majina ya waliochukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu wasirudi. Yaandikwe katika daftari la nyumbani, hata kama ni jina moja tu, jina la baba yake na kijiji alichotoka.

Wabillahi tawfiq.